Simu ya Ofisi Katika Ukanda wa Dhahabu

Mtambo wa simu wa ofisi ndogo hupokea laini chache zinazotoka nje na kuzigawa kwa watu wengi walio ndani. Laini tatu zinaweza kuhudumia meza kumi, kwa kuwa ni nadra watu wote kumi wazungumze kwa wakati mmoja. Zamani kazi hiyo ilifanywa na mtu aliyeketi mbele ya ubao wenye matundu, akichomeka na kuchomoa nyaya kutwa nzima. Leo inafanywa na kisanduku kinachobebeka kwapani. Jina la zamani, swichibodi, limebaki midomoni mwa watu, na halina ubaya.

Anayepita katika ukanda wa dhahabu, Kahama mjini au Katoro siku ya mnada, atadhani ofisi za huko hazihitaji kitu cha namna hiyo. Kila kibao, kiwe cha wakala wa mabasi, cha mashine ya kukoboa mpunga au cha muuza vipuri vya karasha la kusaga mawe ya dhahabu, kimeandikwa namba tatu au nne za simu za mkononi, kila moja na mtandao wake. Desturi hiyo ilikuwa na sababu yake. Kupiga simu kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa ghali, hivyo mfanyabiashara aliyejali wateja alijiwekea mlango katika kila mtandao. Sababu hiyo sasa imeisha nguvu. Ada ambayo mitandao hulipana kwa kupokeleana simu, kwa viwango vinavyopangwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilishushwa hatua kwa hatua kutoka shilingi 15.60 kwa dakika mwaka 2018 hadi shilingi 2 mwaka 2022, na vifurushi vya dakika za mitandao yote vimekuwa jambo la kawaida. Hasara ya desturi ile ndiyo iliyobaki. Namba za kibaoni, mara nyingi, ni za watu: moja ya mwenye duka, nyingine ya shemeji yake, ya tatu ya karani aliyeajiriwa mwaka juzi. Karani akihamia kwa mshindani ng'ambo ya barabara huondoka na simu yake mfukoni, na wateja wanaendelea kumpigia hukohuko aliko.

Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi ni namba itakaa wapi. Umbo la simu ya mezani na wingi wa vitufe vyake ni mambo ya mwisho, ingawa dukani ndiyo yanayooneshwa kwanza.

Namba huingia ofisini kwa njia tatu. Ya kwanza ni waya wa shaba wa shirika la simu la TTCL, ile namba ya mezani ambayo kwa Kanda ya Ziwa huanza na 028. Waya huu ulikuwa na sifa moja ambayo wengi hawakuijua mpaka walipoikosa: umeme wake, kama volti 48, hutoka kwenye kituo cha simu chenye betri zake. Umeme wa TANESCO ukikatika mji mzima, simu ya mezani iliendelea kuita. Ubaya wake ni kwamba shaba huibwa, na waya mrefu unaoning'inia nguzoni huleta radi hadi mezani. Njia ya pili ni faiba, ambayo TTCL huiuza majumbani na maofisini kwa jina la Faiba Mlangoni Kwako. Hapa namba ya mezani hutoka kwenye tundu dogo nyuma ya kisanduku cha faiba. Nyuzi za kioo hazina thamani kwa mwizi wa shaba wala hazipitishi umeme wa radi, ila waya wa chuma unaoushikilia mkongo nguzoni usiingizwe ndani ya jengo. Lakini hapa kila mwenye ofisi anajitegemea kwa umeme. Kisanduku kikizimika, na namba imezimika.

Njia ya tatu, ambayo kwa ofisi nyingi za Geita, Bukombe au Mbogwe ndiyo pekee iliyopo, ni laini ya simu ya mkononi. Haina unyonge wowote, mradi isajiliwe kwa jina la kampuni, kwa nyaraka za kampuni na alama za vidole za mwakilishi wake, badala ya kitambulisho cha karani. Tangu Machi 2017 mteja anaweza kuhama mtandao akabaki na namba yake, hivyo kampuni inayomiliki namba haifungwi na minara ya mtandao mmoja. Namba iliyozoeleka kwa wateja ni mali kama gari la kampuni. Tofauti ni kwamba gari huwa lina kadi yenye jina la mwenyewe.

Baada ya njia huja idadi. Hapa mafundi wengi hukisia, na kisio lao huelekea upande wa kuuza zaidi, ilhali hesabu yake ipo tangu mwaka 1909, ilipoanza kuandikwa na Agner Krarup Erlang, Mdenmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen. Ofisi iangalie saa yake yenye simu nyingi kuliko zote. Tuseme katika saa hiyo huingia na kutoka simu 20, kila moja ya dakika tatu. Hizo ni dakika 60 za mazungumzo ndani ya dakika 60, yaani, kwa wastani, laini moja imejaa muda wote. Mtu anaweza kudhani laini moja inatosha. Haitoshi, kwa sababu simu hazipangi foleni kwa adabu. Kwa hesabu ya Erlang, ofisi hiyo ikiwa na laini mbili, simu moja kati ya tano itakuta laini zote zinatumika. Ikiwa na tatu, ni moja kati ya 16. Ikiwa na nne, ni moja kati ya 65. Laini ya tatu inaokoa wateja wengi, ya nne wachache, na ya tano haiwezi kurudisha gharama yake. Mnunuzi wa dhahabu, ambaye wauzaji wote humpigia kwa pamoja bei ya dunia inapopanda au kushuka, ahesabu saa hiyo ya vurumai. Wastani wa siku utamdanganya.

Ofisi ya watu watatu iishie hapa. Haihitaji mtambo. Simu moja ya mezani inayotumia laini ya mkononi, ikiwekwa mapokezi na kuachwa hapo usiku na mchana, inatosha kuifanya namba kuwa ya ofisi. Jambo la kuangalia ni kwamba simu hizo nyingi za bei ya chini hutumia mitandao ya kizazi cha pili au cha tatu tu. Inayopiga kwa 4G itadumu zaidi.

Wenye meza sita hadi ishirini ndio wanaohitaji kisanduku, na visanduku ni vya aina mbili. Aina ya kwanza ni ya analogia. Panasonic KX-TES824 imeenea Afrika Mashariki kiasi kwamba fundi huweza kuiprogramu kwa kumbukumbu tu. Ilitoka kiwandani na nafasi ya laini tatu za nje na simu nane za ndani, na kwa kuongezewa kadi hufika laini nane na simu 24. Haijui intaneti, na kutojua huko ni kinga. Simu zake ni za kawaida kabisa, zinazokula umeme kidogo sana, na ikiharibika moja huchukuliwa yoyote dukani. Tatizo ni kwamba Panasonic yenyewe imejiondoa katika biashara ya swichibodi, kwa hiyo vipuri vinavyopatikana Kariakoo vitazidi kuwa vya mtumba.

Aina ya pili hutumia itifaki ya SIP, inayosafirisha sauti kama data juu ya nyaya zilezile za kompyuta. Grandstream UCM6302, kwa mfano, ina matundu mawili ya laini za nje na mawili ya simu za kawaida za ndani. Yeastar S20 huhudumia watumiaji 20 na simu 10 kwa wakati mmoja, na huweza kufungwa moduli inayobeba laini ya simu ya mkononi ndani yake. Kwenye visanduku hivi matundu huandikwa vifupisho viwili vinavyochanganya watu: FXO hupokea laini ya nje, FXS hutoa mlio kwa simu ya ndani. Yanafanana kabisa kwa sura. Laini ya nje ikichomekwa kwenye FXS, tundu linaweza kuungua siku hiyohiyo. Ipo pia programu huria ya Asterisk, iliyoanzishwa na Mark Spencer nchini Marekani mwaka 1999, ambayo hugeuza kompyuta kuukuu kuwa swichibodi kamili bila kulipia leseni. Visanduku vingi vya dukani ndani yake ni Asterisk iliyovalishwa koti. Kuijenga mwenyewe ni raha ya fundi. Lakini kijana aliyeijenga akipata kazi mgodini, ofisi hubaki na mashine asiyeijua mtu.

Wauzaji wa siku hizi husema kisanduku hakihitajiki tena, kila kitu kikae mtandaoni kwenye seva ya mbali, na ofisi ilipe kwa mwezi. Kwa ofisi ya Dar es Salaam yenye njia mbili za intaneti, hoja hiyo ina uzito. Kwa Ushirombo au Nyarugusu haina. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Mtambo uliokuwa ukitegemea seva ya nje ya nchi ulikwama, hata kwa mhasibu aliyetaka kumpigia bosi wake chumba cha pili. Kisanduku kilichomo ndani ya ofisi, chenye laini za nchini, hakikuwa na habari na bahari. Ukiondoa hilo, mahitaji ya sauti kwa intaneti ni madogo kuliko watu wanavyodhani. Simu moja kwa kodeki ya kawaida hutumia kama kilobiti 90 kwa sekunde kila upande, kwa hiyo simu nne hazifiki hata nusu megabiti. Sauti huharibiwa na kuchelewa. Ikichukua zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomo mmoja hadi sikio la pili, watu huanza kukatizana maneno.

Kuziunganisha laini za mkononi na swichibodi kunahitaji moduli au geitiwei yenye nafasi za kadi za simu, na hapa mnunuzi akanyage kwa uangalifu. Vifaa vya aina hiyo hiyo, vikiwa na kadi nyingi, ndivyo wahalifu hutumia kuingiza nchini simu za kimataifa kwa njia za panya, na watu wamefikishwa mahakamani kwa hilo. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inataka vifaa vinavyounganishwa na mitandao viwe vimeidhinishwa na TCRA. Geitiwei ya laini mbili, iliyoidhinishwa, yenye kadi za kampuni na risiti halali, ni kifaa cha ofisi. Geitiwei ya nafasi 32 iliyotoka Dubai ndani ya sanduku la nguo itahitaji maelezo mengi.

Yote hayo, hata hivyo, huharibiwa na mambo mawili ambayo vitabu vya kiwandani huyapitia juujuu: radi na umeme.

Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa radi zaidi duniani. Usiku ngurumo hukaa ziwani, mchana huhamia nchi kavu, na alasiri ya Novemba Geita inajulikana. Radi haihitaji kupiga jengo. Ikipiga karibu na nguzo, mshtuko husafiri kwenye nyaya. Kisanduku cha simu kina balaa la kipekee kwa sababu kimeunganishwa na dunia mbili, waya wa umeme upande mmoja na waya wa simu upande wa pili. Kila waya ukiwa na erthi yake mbali na mwenzake, basi radi inapopandisha volti upande mmoja, njia fupi ya kwenda upande wa pili hupitia ndani ya kisanduku. Ndiyo maana ofisi iliyofunga kizuia radi kwenye umeme peke yake hushangaa kuona mtambo umeungua. Dawa ni kizuizi kwenye kila waya wa chuma unaoingia, na erthi zote zifungwe pamoja mahali pamoja. Shinyanga ni nchi ya mawe ya granaiti na udongo wa kichanga unaokauka kabisa miezi ya kiangazi, na udongo mkavu haupokei umeme vizuri. Fimbo fupi iliyogongwa nyuma ya choo ni pambo tu. Mafundi wa zamani huchimba shimo refu, hujaza mkaa na chumvi, na humwagia maji kiangazi. Njia hiyo hufanya kazi, ingawa chumvi hula shaba na fimbo lazima ikaguliwe. Ofisi yenye majengo mawili isivute waya wa mtandao wa shaba kati yake. Faiba au kiungo cha redio ni salama zaidi, na waya wa shaba wenyewe haupaswi kuzidi mita 100.

Umeme unaokatika una hesabu yake. Simu za SIP nane, za wati nne kila moja, ni wati 32. Ukiongeza kisanduku, ruta na kisanduku cha faiba, mzigo unafika kama wati 55. UPS ndogo inayouzwa pamoja na kompyuta ina betri ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84 kwa karatasi. Mzigo huo utaimaliza kabla ya saa moja na nusu, na betri ikizeeka, kabla ya nusu saa. Betri ya ampea-saa 100 yenye inveta, ikitumiwa nusu tu ili idumu, hubeba mzigo uleule kwa saa tisa hivi. Paneli moja ya wati 200 juu ya bati, kwa jua la Shinyanga, huirudisha siku hiyohiyo. Ni bora simu zipate umeme kupitia waya wa mtandao kutoka kwenye swichi moja, ili betri moja ibebe ofisi nzima, kuliko kila meza kuwa na chaja yake ukutani. Mwenye mtambo wa analogia ana nafuu hapa, na kwa ofisi ndogo iliyo mbali na mji nafuu hiyo peke yake inatosha kuamua.

Mengine ni ya mazingira. Kampuni nyingi zinazohudumia migodi, kuanzia Bulyanhulu hadi Geita, hufungua ofisi ndani ya makontena. Kontena ni sanduku la chuma, na mawimbi ya simu hayapendi chuma. Geitiwei ikiwekwa ndani, antena yake itolewe nje kwa waya. Vumbi la barabara za Katoro huziba feni kwa muda mfupi, kwa hiyo kisanduku kisicho na feni ni bora kuliko chenye nayo. Karibu na karasha hakuna mlio wa simu unaosikika: taa inayomwekamweka ukutani husaidia, na simu isiyo na waya ya aina ya DECT, inayofika kama mita 300 uwanjani na 50 hivi ndani ya kuta, humwezesha msimamizi kuzungumza akiwa mbali na kelele. Simu ya mezani yenye skrini ya rangi haina inachoongeza hapo, ila bei.

Mtambo uliounganishwa na intaneti huwa na wageni. Programu za kijambazi hupita usiku na mchana zikijaribu namba ya ndani 100 kwa nywila 100, na zikifanikiwa hupiga nchi za mbali kwa gharama ya mwenye ofisi, kwa kawaida usiku wa Jumamosi. Kinga ni nywila ndefu kwa kila simu, kufunga simu za kimataifa kwa wasiozihitaji, na kutofungua mtambo kwa intaneti nzima kwa sababu tu meneja anataka kuongea akiwa Mwanza. Laini za malipo ya kabla zina faraja yake: mwizi hawezi kuiba zaidi ya salio.

Visanduku vya kisasa hunasa mazungumzo, na mnunuzi wa madini anayekubaliana bei kwa simu atavutiwa na hilo. Sauti ya mteja ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo mteja aambiwe mwanzoni kwamba anarekodiwa, na rekodi zisizagae kwenye flashi za makarani.

Linabaki la fundi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, fundi wa Mwanza hufika Geita bila kusubiri kivuko, lakini bado ni safari ya kulipiwa. Kwa hiyo kifaa kinachojulikana na mafundi wawili wa mjini ni bora kuliko kizuri zaidi kinachojulikana na mmoja wa Dar es Salaam. Siku ya kukabidhi, mwenye ofisi apokee nywila kuu kwenye karatasi, nakala ya mipangilio kwenye flashi, na orodha ya namba za ndani iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati. Kisha fundi achomoe mtambo kwenye umeme, auwashe upya, na mtu aliye nje apige ile namba ya kibaoni, mkonga uinuliwe mapokezi, simu ihamishiwe kwa mhasibu. Malipo ya mwisho yatolewe baada ya hapo.